Mheshimiwa Machelani

Ko! Ko! Ko!

Sauti ilitoka ndani ya ukungu wa ziwa, majogoo hawajakubaliana bado nani aanze kuwika. Chuma kilikuwa kinapiga kitu kigumu, kinapumzika, kinapiga tena. Rwezaura aliketi kitandani. Mkewe, Kokuhumbya, ambaye tumbo lake lilikuwa limefikia kiwango cha kuwekewa kikombe cha chai kisidondoke, alikuwa macho tayari.

"Unasikia, Rweza?"

"Nasikia."

"Sururu hizo. Barabara inajengwa."

"Aijenge nani? Hawa hawa?"

"Lami, mume wangu. Lami imefika kabla ya mtoto."

Walikuwa na msiba na barabara ile. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa juu yake, katikati ya masika, machela ikiwa imenasa topeni, na hapo hapo topeni akaimaliza safari yake ya duniani. Tangu siku hiyo Rwezaura hakuamini jambo lolote lililotangazwa kwa kipaza sauti. Lakini sururu si kipaza sauti. Akavaa shati, akatoka mbio.

Katika mkoa ule wote, wenye maziwa saba na vilima visivyohesabika, kulikuwa na kipande kimoja tu cha lami. Kilikuwa kwenye mteremko wa Magoti, chini ya kitongoji cha Rubugo. Inasimuliwa kwamba Rais mmoja wa zamani, akipita na msafara wake, alibanwa na haja ndogo mahali pale, na wasaidizi wake wakaona si adabu viatu vya dola viguse tope. Lami ikamwagwa kabla hajarudi, ili akibanwa tena abanwe kwa heshima. Hakubanwa tena. Watu wa Rubugo waliibariki haja ile kila siku ya mvua, maana hapo ndipo pekee mgonjwa aliweza kushushwa Magoti bila wabebaji kuteleza.

Ukungu ulipofunguka, Rwezaura aliwaona vibarua wa Wizara, wote na fulana mpya za njano. Walikuwa wanaing'oa lami.

"Mnafanya nini nyie?"

Msimamizi alisogeza kofia yake ngumu. "Tunaikomboa changarawe. Imekandamizwa humu chini muda mrefu sana."

"Ndugu yangu, umekunywa nini asubuhi hii?"

"Chunga ulimi, kijana. Hii ni Njia ya Kifalme ya Changarawe. Mgeni akikanyaga lami hapa, atalia."

"Na mgonjwa wetu akiteleza hapa?"

Msimamizi alifikiri kwa haki kabisa. "Huyo," akasema, "hayumo kwenye mradi."

*

Isidhaniwe kwamba serikali ya nchi ile ilikuwa na kichaa. La. Ilikuwa na Wizara.

Wizara ya Wageni, Mandhari na Mapumziko iliongozwa na Mheshimiwa Ladislausi Mabango, mtu mnene wa mwili na mwembamba wa aibu. Yeye alikuwa ametumwa ng'ambo kuomba msaada wa lami, na huko akaona maajabu. Aliona watu wenye lami hadi kwenye banda la ng'ombe, ambao ikifika siku ya mapumziko huvaa vinguo vya kubana, hupanda baiskeli zenye thamani ya shamba, na kwenda kutafuta njia mbovu. Wakiikosa huhuzunika. Wakiipata hupigana picha, matope yakiwa yamewajaa mpaka kwenye meno. Njia hizo zilipita kando ya maziwa na ngome za wafalme waliokwisha kuoza, na kadiri zilivyochubua watu ndivyo zilivyosifiwa. Mheshimiwa Mabango alimshika katibu wake begani, machozi yakimtiririka.

"Jamani," alisema, "sisi tuna njia mbovu kuliko hizi mara elfu, na tumekaa nazo kimya!"

Alihutubia taifa kabla hajashuka ngazi ya ndege.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi mmekuwa mkiinung'unikia serikali kwamba haiwaletei lami. Leo nawaambia: serikali haikuwasahau. Serikali ilikuwa inawahifadhi!"

Makofi yalivuma. Wapiga makofi walikuwa wamerudi naye kwenye ndege ile ile.

Kazi ikaanza kwa kasi ambayo watu wa maziwa hawakuwahi kuiona hata wakati wa kipindupindu. Kila uchaguzi, lori lilikuwa likija kumwaga rundo la kokoto kando ya barabara kama ishara kwamba lami inafuata. Marundo yalikuwa yameota nyasi, na vizazi vya mbuzi vilikuwa vimejifunzia kupanda juu yake. Sasa yalizungushiwa uzio na kuwekewa kibao: VILIMA VYA AHADI. USIGUSE. Mashimo ya barabarani yalipewa majina na walinzi. Mzee mmoja aliyefukia shimo la mbele ya nyumba yake, asije mjukuu akazama, alishitakiwa kwa kuharibu urithi wa taifa. Alihukumiwa kulichimba upya, na alipomaliza, kamati ilishuka ndani, ikapima, ikasema halina roho ya lile la kwanza.

Ngome nazo hazikukosekana. Kila aliyewahi kuwa Waziri alijitwalia ziwa, akajijengea ngome kwenye ziwa lake: minara minne, matundu ya kurushia mishale, na daraja la kunyanyuliwa kwa mnyororo juu ya mfereji wenye maji yaliyokuwa ya kijiji. Vitabu vya wageni vilisema ngome hizo ni za karne ya kumi na nne. Rwezaura mwenyewe alikuwa amebeba matofali ya Ngome ya Sato kwa baiskeli yake, juzi tu, kabla hajaoa. Ili kuta zisione haya, kina mama waliajiriwa kuzipaka mtindi kila asubuhi zipate kuota kuvu ya kale. Watoto wa mkoa ule walikunywa uji mkavu, na ngome zikanawiri.

Mwisho, baiskeli za wenyeji, zile nyeusi zenye keria za kubebea mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa, zilipigwa marufuku njiani humo. Sababu ilitolewa waziwazi, kwa kuwa serikali ile haikuwa na siri: zilikuwa zinaendeshwa na watu wanaokwenda mahali.

"Mtu anayekwenda mahali," alifafanua Mheshimiwa Mabango, "anamharibia utulivu mtu asiyekwenda popote."

*

Sasa lazima tuseme habari ya machela, maana bila machela Mheshimiwa angezindua njia yake salama, na leo tungekuwa tunamwimbia.

Machela ya watu wa maziwa ni kitanda cha fito na mafunjo, kilichofungwa katikati ya baiskeli mbili. Husukumwa na watu wanne, na hubeba wajawazito, waliovunjika, waliong'atwa na nyoka na waliong'atwa na wenzao. Kila kitongoji kina wasukumaji wake. Wanakipokea kitanda mpakani kwao, wanakifikisha mpakani kwa wenzao, hivyo hivyo hadi Zahanati ya Ng'ambo. Rwezaura alikuwa kiongozi wa machela ya Rubugo, na hakuna aliyemzidi kwa kifua wala kwa kutunga nyimbo za kusukumia.

Machela ina sheria, na sheria hizo ni kongwe kuliko Katiba, tena huwa zinafuatwa. Kengele ya baiskeli ikilia mara tatu, ikanyamaza, ikalia mara tatu tena, kila aliyeisikia huacha alichoshika na kukimbilia njiani. Asiyetoka, siku yake ikifika, atajizika mwenyewe. Pili, machela ikishanyanyuliwa haiwekwi chini. Na tatu, kubwa kuliko zote: mgonjwa hana kauli. Zamani za mababu bibi mmoja alilia njiani, "Nirudisheni wanangu, nimepona, msijichoshe." Wakamrudisha, naye akafia mlangoni kwake. Tangu hapo mgonjwa aseme asemavyo, alie, atukane, aapishe, hasikilizwi mpaka mkono wa nesi umguse. Maana hakuna mgonjwa asiyesema kwamba ni mzima.

Wizara, ikitaka uzinduzi uwe na ladha ya kienyeji, ilimtuma Bwana Fumbuka, Mshauri Mwelekezi wa Mila, achunguze wenyeji humkaribishaje mgeni mkubwa. Bwana Fumbuka aliwachunguza kwa darubini kutoka kwenye mnara wa Ngome ya Sato, kwa sababu vumbi lilikuwa linampigisha chafya. Akaona mtu anapiga kengele mara tatu, kimya, mara tatu tena. Na watu wote, hata mmoja aliyekuwa anaoga, wanamiminika njiani mbio.

"Mheshimiwa," alisema siku ile kwa furaha, "nimeipata salamu yao ya heshima. Inatoa watu bafuni!"

Hakumuuliza mwenyeji hata mmoja. Kuuliza kungeuchafua utafiti.

*

Siku ya uzinduzi, uchungu ulimshika Kokuhumbya alfajiri.

Rwezaura hakupiga kengele. Alizunguka mlango kwa mlango, kwa sababu alikuwa na jambo la ziada la kusema. Watu wa Rubugo walikuwa wameagizwa wajipange njiani na vitambaa vya njano wampungie Waziri. Wenyewe walikuwa wameapa kwamba hatatoka hata kuku. Akawaambia, "Kaeni ndani kama tulivyokubaliana. Nataka wasukumaji tu." Shangazi yake, Kagemulo, aliyezalisha nusu ya kitongoji, akakaa upande wa kichwa cha mgonjwa. Machela ikanyanyuliwa.

Juu ya mteremko wa Magoti walikuta kizuizi: boriti iliyopakwa njano, na pembeni yake askari mmoja aitwaye Shitindi.

"Simama! Mnaenda wapi?"

"Zahanati."

"Zahanati haipo. Kuna Kituo cha Kuoshea Baiskeli na Kukanda Misuli."

"Kitanda cha kuzalia kipo?"

"Kipo. Wageni hukandiwa mapaja juu yake."

"Na Nesi Leokadia?"

"Ndiye anayekanda."

"Basi fungua."

"Kaka, nifungue vipi? Leo ni siku ya picha. Machela haimo kwenye picha. Subirini Mheshimiwa apite, wageni wapite, vumbi litulie..."

Kokuhumbya aliinuka kwa kiwiko. "Afande, mama yako alikusubirisha?"

"Dada, usinitukanie mama."

"Simtukani, nampa pole. Alibeba miezi tisa akazaa boriti."

Shangazi Kagemulo alimlaza. Uchungu mwingine ulikuwa umefika, mrefu kuliko uliotangulia, na yule mama mzoefu alimtazama Rwezaura kwa macho ambayo Rwezaura aliyakumbuka. Ni yale yale ya mwaka wa tope.

Rwezaura aliipima boriti ile. Alimpima Shitindi, na bunduki ya Shitindi. Mikono yake ilikuwa imeshika machela, na machela haiwekwi chini. Akasimama mtaroni, kando ya changarawe iliyokombolewa, na chuki ikamjaa mdomoni hata akaitema.

Ndipo ukasikika mlio wa magurudumu.

*

Mheshimiwa Ladislausi Mabango alikuwa anakuja, amevaa vinguo vya kubana vyenye rangi za bendera. Walioviona wanasema bendera haikuwahi kuvutwa kwa ukatili namna ile. Baiskeli yake ilikuwa na kengele ya shaba pana kama sahani ya wali. Nyuma yake walifuata wageni, wapiga picha, na walinzi wenye suti ambao hawakuwa wamepanda baiskeli tangu utotoni, kwa hiyo wengi walikuwa wanazisukuma.

Mheshimiwa akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, mbuzi. Mlango wa kila nyumba ya Rubugo ulikuwa umefungwa kama duka la mdaiwa.

"Fumbuka! Wananchi wangu wako wapi?"

"Piga ile salamu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akapiga. Kring! Kring! Kring! Akanyamaza kwa heshima. Kring! Kring! Kring!

Nchi ikafunguka. Milango iligonga kuta. Wanaume walitupa majembe, kina mama waliacha masufuria mekoni, babu mmoja akatoka na kandambili moja, na wote wakashuka kwenda njiani kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Kiapo cha kutotoka kilikuwa kiapo, lakini kengele ni kengele.

"Umeona?" Bwana Fumbuka alinong'ona, amelowa machozi.

Mheshimiwa aliona. Uso wake ukapanuka kwa upendo wa taifa. Akaachia usukani ili awapungie wananchi wake kwa mikono yote miwili, na baiskeli, ambayo haikuwa mwanachama wa chama chochote, ikaendelea yenyewe hadi pale ilipokuwa lami mwezi uliopita. Pakawa na mlio kama wa gunia la mihogo. Vumbi likapanda. Lilipotulia, Waziri alikuwa kifudifudi ndani ya shimo ambalo Wizara yake ililichimba na kulipa jina la Shimo la Mshikamano.

"Mgonjwa yuko wapi?" wakauliza waliofika.

"Yule pale. Maskini, amevimba mwili mzima."

"Hapana, hilo ni umbo."

Macho yote yakamgeukia Rwezaura, kwa sababu neno la kunyanyua lilikuwa lake. Rwezaura alimtazama yule mtu shimoni. Alikuwa amechubuka magoti, basi, na tayari alikuwa anatukana, dalili kwamba mapafu ni mazima. Rwezaura hakuwa mjinga. Lakini aliitazama boriti ya njano, akamtazama Shitindi aliyekwisha kukakamaa na saluti mbele ya shimo, akamtazama mkewe. Kisha akafanya jambo ambalo raia mwema hulifanya mara moja tu maishani: akaifuata sheria neno kwa neno.

"Kengele imelia mara tatu na tatu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mtu amelala chini. Sheria inasemaje?"

"Abebwe!" walijibu.

"Machela ni moja, na ina mwenyewe," alisema Shangazi Kagemulo.

"Basi walale mzungu wa nne."

Wakamtoa shimoni, wakamlaza, kichwa chake kwenye miguu ya Kokuhumbya, miguu yake kwenye bega la Kokuhumbya. Wakamfunga kanga kifuani asidondoke.

"Mimi ni mzima!" alifoka Mheshimiwa. "Nishusheni! Ni amri!"

"Pole baba," Shangazi alimpapasa. "Ndivyo wanavyosema wote."

"Mnajua mimi ni nani?"

Kokuhumbya alimsukuma kwa kisigino. "Sogeza tumbo lako, Mheshimiwa. Langu lina mtu."

Walinzi wenye suti walianza kuchomoa bastola zao, lakini Bwana Fumbuka aliwatangulia, mikono juu, sauti ikitetemeka kwa usomi. "Msiingilie! Hii ni heshima ya daraja la juu kabisa! Machifu tu ndio hubebwa hivi! Pigeni picha!" Na wageni wakapiga.

"Afande," Rwezaura aliita, "funguo."

Shitindi alimtazama Waziri aliyefungwa kanga. "Mheshimiwa, nifungue?"

"Usifungue, mpumbavu! Niokoe!"

"Unamsikiliza mgonjwa?" Rwezaura aliuliza kwa upole wa kutisha. "Afie hapa, kwenye zamu yako?"

Boriti ikanyanyuka.

*

Wakashuka Magoti. Pale ambapo lami ingewapa mguu imara, changarawe iliwararua nyayo, na kila gurudumu lilipozama Waziri alipaa shubiri moja na kurudi. Rwezaura, akiwa ameshika usukani wa mbele, alihisi wimbo unampanda kifuani, akautoa jinsi ulivyokuja:

*Uliyevunja ya lami, ukatumwagia mawe,*
*Mgonjwa huwa hasemi, hata akiwa mwenyewe,*
*Kila shimo na ulimi, lakuonja ulijuwe,*
*Sukuma, jama, sukuma, zahanati tukafike!*

"Sukuma, jama, sukuma!" waliitikia wote, na nyuma yao Rubugo nzima ilikuwa inakimbia.

Uchungu ulipomjia Kokuhumbya, alitafuta kitu cha kushika. Mkono wake ukaangukia kidole gumba cha mguu wa Mheshimiwa, akakikamata kama anakamua limau. Mheshimiwa alipiga ukelele uliotimua bata wa ziwa zima.

"Ananiumiza!"

"Uchungu umemkolea na yeye," alisema Shangazi Kagemulo. "Vuta pumzi, baba. Ndefu, hivyo. Usikaze."

Mpakani mwa kitongoji cha pili, wasukumaji wapya walikuwa wamekwisha kujipanga.

"Nani huyo?"

"Wawili. Mmoja anajifungua. Mwingine anaweweseka, anasema yeye ni Waziri."

"Maskini! Homa imefika mbali."

Wakapokea, na Rwezaura hakuachia usukani, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Wakapita kando ya Ngome ya Sato, ambako mwenye ngome, Waziri mstaafu, alikuwa amejitokeza mnarani kumpungia mwenzake. Alipoona mwenzake anapita chali, amefungwa kanga, mguu wa mwanamke ukiwa sikioni, alitoa amri daraja linyanyuliwe haraka. Akakaa ndani siku kadhaa, akiamini ni mapinduzi. Kila kizuizi walichokikuta kilifunguka chenyewe. Askari waliona uso wa Waziri kwanza na saluti ikawatoka kabla ya akili. Njia ambayo ingewachukua siku nzima ya kubembeleza, ilimezwa kabla jua halijafika utosini.

Walipokaribia Ng'ambo, Mheshimiwa alibadili mbinu. Alizungumza kwa sauti ndogo, sauti ya faragha. "Kijana. Wewe wa mbele. Nitakupa kazi Wizarani. Mlezi wa Mashimo wa mkoa."

Rwezaura hakugeuka.

"Nitawarudishia kile kipande cha lami!"

Hapo miguu ya Rwezaura ilikosa hatua moja. Moja tu. Kokuhumbya aliiona, akasema katikati ya meno yaliyokazwa, "Rweza! Mgonjwa hana kauli."

"Hana," Rwezaura alisema, akasukuma.

*

Juu ya kitanda cha kuzalia alikuwa amelala mgeni mmoja mrefu, anakandwa mapaja. Nesi Leokadia alisikia ule wimbo ukiwa bado ng'ambo ya kidimbwi. Alimpiga mgeni kofi dogo la paja, kama unavyomfukuza ng'ombe kwenye mahindi, na mgeni akashuka. Shuka ikabadilishwa. Maji yalikuwa yanachemka tayari, ya kuoshea minyororo ya baiskeli.

"Wangapi?"

"Wawili, Sista," alisema Rwezaura.

"Nianze na nani?"

"Mimi!" alipiga kelele Mheshimiwa. "Mimi hapa! Niguse mimi!"

Nesi alimtazama. Waziri huyu ndiye aliyemnyang'anya sindano akampa mafuta ya kukandia. Akamtazama Kokuhumbya, akauweka mkono wake juu ya tumbo lake. "Huyu kwanza. Mwingine asubiri zamu. Msimshushe, machela haijamaliza kazi."

Mlango ukafungwa. Nje, juani, watu wanne walisimama wameshika machela yenye Waziri mmoja. Mpiga picha aliyekuwa amefuata mpaka pale alimwona Mheshimiwa anafoka, anaapa, anataja vifungu, halafu anaomba maji. Maji alipewa. Kusikilizwa hapana.

Rwezaura hakuyasikia hayo. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye mlango. Alikuwa anasubiri sauti moja, na katika ukimya ule alisikia masika ya mwaka ule wote yakimrudia, tope, giza la mawingu, kimya kilichofuata. Akahesabu misumari ya mlango. Akaanza upya. Upande wa pili Shangazi Kagemulo alikuwa anasema, "Sasa, mwanangu. Sasa." Kisha hakuna kitu. Kisha bado hakuna kitu.

Kisha mlio, mkali, wenye hasira, wa mtu aliyetolewa mahali pazuri akaletwa kwenye nchi ile.

Rubugo ikapiga vigelegele mpaka kuvu ya kale ikadondoka kwenye ngome jirani.

Nesi Leokadia alitoka anajifuta mikono, akampisha Rwezaura aingie. Akaigusa shingo ya Mheshimiwa kwa vidole viwili. "Huyu mzima," akasema. "Ana vumbi tu."

Kwa hiyo kauli ikamrudia, na yeye hakuipumzisha. Alisimama juu ya miguu yake, kanga ikiwa bado kifuani. "Nitawafunga wote! Mila hii naifuta leo, kwa tangazo!"

Bwana Fumbuka, aliyekuwa amekimbia nyuma ya machela njia nzima, alimnong'oneza sikioni, amevimba kwa habari njema. "Mheshimiwa, usifute! Wageni wote wanataka kubebwa! Yule mrefu anauliza atalazwaje na mwanamke anayejifungua."

Kitu fulani kikapita nyuma ya macho ya Waziri, kitu chenye sura ya ngome. Ziwa la saba lilikuwa bado halina ngome wala mwenyewe. Akageukia kamera, akanyoosha kanga yake kama skafu.

"Ndugu wananchi! Kama mlivyoona, leo nimemsindikiza mwenyewe mama mjamzito, bega kwa bega. Kuanzia sasa machela zote ni mali ya Wizara, kwa ajili ya wageni. Na kengele ile hataipiga mtu mwingine yeyote. Nitaipiga mimi, peke yangu, katika kila ziwa!"

Wapiga makofi walikuwa wameachwa Magoti.

Mlango ulifunguka, na Rwezaura akatoka. Mikononi mwake, ndani ya shuka iliyobaki na harufu ya mafuta ya kukandia, alikuwa na binti aliyekunja ngumi zote mbili. Akatembea hadi mbele ya Waziri, karibu kiasi kwamba mtoto angeweza kumgusa, na Rubugo ikasogea nyuma yake.

"Mheshimiwa," alisema, "mbele ya mwanangu huyu, nakuahidi. Ipige. Ipige ziwa lolote, saa yoyote. Tutakuja wote, tutakubeba, na hatutakusikiliza."